Koti la Kwendea Edinburgh

Zamani mtu akipata nafasi ya kusoma Ulaya, habari za hali ya hewa ya huko alizipata kwa waliorudi. Mwaka 1982, nilipokuwa nafunga safari ya Edinburgh, kwetu Machame walifanya hafla ya kuniaga: ndizi nyama, mbege ndani ya kata, soda chache zilizopatikana kwa kujuana, maana ndiyo ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na mzee mmoja wa kaunda suti, aliyewahi kupita London kikazi, akasimama kutuhadithia baridi. Alisema kule pua hufa ganzi, kwamba mtu akilala bila soksi asubuhi miguu haimtii, na kwamba kitu cha kwanza cha kununua ni mwavuli. Watu wakaguna. Bibi yangu alitaka kujua kama huko kuna kuni.

Siku hizi hakuna hotuba. Binti wa kaka yangu aliondoka mwaka juzi kwenda kusoma mji uleule, na wiki yote ya mwisho alishinda kwenye kochi na simu. Alikuwa na utabiri wa siku kumi na nne mkononi. Alijua siku atakayotua jua litachomoza saa ngapi. Mimi aliniuliza mambo mawili matatu, kwa adabu tu, kwa kuwa ni shangazi yake.

Nguo ndizo zilizotuhangaisha sisi. Mama alifumua masweta mawili ya zamani, akaufua uzi, akauzungushia mgongo wa kiti ili ule mkunjo unyooke, kisha akafuma sweta moja zito lenye milia ya kahawia na kijani, rangi ambazo hakuna aliyezichagua, ndivyo uzi ulivyokuwa. Koti lilitoka kwa muuza kafa-ulaya. Lilikuwa la sufu, la kiume, refu hadi chini ya magoti, likinuka naftalini kiasi kwamba abiria wa jirani kwenye ndege aliomba kubadilisha kiti, na lilipolowa mara ya kwanza likawa zito hata mabega yakaniuma, likaning'inia nyuma ya mlango siku kadhaa likidondosha matone kwenye zulia la watu. Binti alikwenda Memorial, pale Moshi mjini, akachambua marundo ya mitumba, akatoka na jaketi lisilopitisha maji, jepesi, lenye kofia inayokunjwa ndani ya kola. Halinuki chochote. Linakauka kabla chai haijachemka. Ningelipata mimi jaketi lile mwaka ule, ningelala nalo.

Kwa mzazi ambaye mwanawe anafunga sanduku sasa hivi, niseme mapema kwamba baridi ya Edinburgh si ya kuua mtu. Mchana wa Januari ni nyuzi 7 hivi, usiku hushuka hadi 1 au 2, na mchana wa Julai hufika 19 au 20, ambayo kwa watu wa Lushoto ni siku ya kawaida. Hata mvua yake si nyingi. Mji ule hupata milimita 700 hivi kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupita 1,000. Nimewahi kubishana na watu juu ya hilo mpaka chai ikapoa. Ni kwamba masika yetu humwaga yote ndani ya wiki chache, mtu akajibanza barazani, ikapita, akaendelea na safari yake. Ya Edinburgh hunyunyiza kidogo kidogo, siku zaidi ya 100 kwa mwaka, na hakuna anayejibanza. Ukijibanza utazeekea hapo.

Kinachomchosha mgeni ni kugeuka geuka. Mji umekaa kati ya vilima vya Pentland upande wa kusini na mkono wa bahari uitwao Firth of Forth upande wa kaskazini. Pepo nyingi hutoka magharibi, Bahari ya Atlantiki, na maji yao mengi huangukia Glasgow na milima ya upande ule; zikifika Edinburgh zimebaki na nguvu tu. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka mashariki, juu ya Bahari ya Kaskazini ambayo maji yake ni ya baridi mwaka mzima, huleta ukungu mzito ambao wenyeji huuita haar, hasa kuanzia Aprili hadi Septemba, yaani wakati uleule mgeni anapodhani baridi imeshaondoka. Unaweza kutoka Morningside na jua usoni, ukateremka Leith ukakuta watu wamefunga skafu na meli hazionekani. Ni mji mmoja, na unatembeleka kwa miguu.

Mwavuli wa yule mzee nilikwenda nao hadi ngazi za Waverley. Nani aliyepita pale asiyezikumbuka? Unashuka kwenye treni kutoka London, umechoka, sanduku mkononi, unaanza kupanda ngazi za mawe kuelekea mtaa wa Princes, na upepo uliokuwa unakusubiri juu unateremka wote kwa pamoja kwenye ule uchochoro, unaingia kwenye koti kwa chini, unalijaza, na mwavuli unageuka ndani nje kwa mlio mmoja mkavu, vijiti vimechomoza pande zote. Juu ya ngazi palikuwa na pipa la taka, na ndani yake miavuli mingine ilikuwa imeshalala. Sasa ngazi zile zimeezekwa na kuwekewa ngazi za umeme. Mtu anasimama tu, zinampandisha. Upepo umebaki kule juu, kwenye daraja la North Bridge, na binti anasema hapo hata kofia ya jaketi haisaidii. Unaishika kwa mikono miwili na kwenda upande upande.

Nilipangishwa chumba kwa mama mmoja mjane, ghorofa ya tatu, kwenye yale majengo marefu ya mawe ambayo wakati ule yalikuwa bado meusi kwa masizi ya makaa. Kwenye korido alitundika barometa ya mbao na shaba, na kila asubuhi, kabla hajavaa hata miwani, aliigonga kwa ukucha wa kidole cha shahada, mara mbili, akasubiri mshale utikisike, akatoa hukumu. Kisha alikwenda dirisha la jikoni kuangalia ng'ambo ya Forth. Alikuwa na msemo wake kwamba ukiiona Fife mvua inakuja, usipoiona imeshafika. Mwaka ule alikuwa bado hajamaliza kusimulia Januari iliyopita, pale Braemar, kule juu milimani, kipimo kiliposhuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sifuri tarehe 10, na huku mjini mabomba yakapasuka, jirani wa chini akapata maji kupitia dari. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa. Mimi nilisimuliwa hadi nikaanza kuwasimulia wengine, utadhani nilikuwepo.

Chumbani kulikuwa na hita ya gesi na mita ya kutia sarafu. Peni hamsini, ile sarafu yenye pembe saba, ilikuwa ndiyo joto. Ilipokwisha usiku wa manane, hita ilikohoa, ikazima, na ndani ya muda mfupi pumzi yako ikaanza kuonekana; basi ukavaa lile koti juu ya nguo za kulalia, ukakumbatia chupa ya mpira yenye maji ya moto, ukalala huku umejikunja. Mwalimu Nyerere, aliyesoma mji huu kuanzia 1949 hadi 1952, aliyakuta makaa ya mawe bado ni ya mgao. Sisi angalau tulikuwa na sarafu. Binti ana hita zilizounganishwa nyumba nzima. Wanazigombania. Tangu bei ya nishati ipande mwaka 2022, wenzake wawili hawataki ipite nyuzi 18, mmoja anaamka usiku kuipandisha kimya kimya. Sijamuuliza huyo mmoja ni nani.

Rafiki yangu wa kwanza pale alikuwa kijana wa Pemba aliyekuja kusomea uhandisi, na alichokuja nacho, mbali na Kurani na picha ya wazazi, ni chupa ya mafuta ya nazi aliyokamuliwa na mama yake. Wiki ya kwanza yaliganda yote, meupe pee, hayatoki. Alidhani yameharibika. Akaja nayo kwangu kuuliza, tukaiweka karibu na hita, sarafu ikaingia, tukakaa sakafuni tunatazama yanavyolainika kuanzia pembeni, huku chumba kizima kinanukia jikoni kwa watu wa pwani. Tangu hapo alikuja kila Jumapili na chupa yake, ngozi zetu zote mbili zikiwa zimepauka, tukapaka, tukanywa chai ya rangi isiyo na iliki. Ndipo nilipojua habari za karafuu na za Chake Chake kuliko nilivyowahi kuzijua nikiwa Tanzania.

Mfungo wa Ramadhani wa mwaka 1983 uliangukia Juni, na Juni ya Edinburgh jua huzama saa nne usiku, tena hata likishazama anga hubaki na weupe upande wa kaskazini hadi linapochomoza tena kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Yule kijana alifuturu wakati wazee wa mtaa wameshalala. Desemba mambo hugeuka: jua hutoka saa mbili na dakika arobaini asubuhi, saa tisa na dakika arobaini alasiri limeshaondoka, na siku yenye mawingu mtu huingia darasani gizani na kutoka gizani. Kiza kile hakikuwa na jina kwetu. Tulisema mtu ana unyonge, au amezidiwa na nyumbani, tukamwalika wali. Siku hizi wanaambiwa kabla hawajakata tiketi. Tangu 2016 ushauri rasmi wa afya Uingereza ni kwamba mtu mwenye ngozi nyeusi afikirie kutumia vitamini D, mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima, kwa sababu jua la kule halitoshi ngozi yetu kujitengenezea. Binti ana kopo lake karibu na mswaki. Sisi tulikuwa na wali tu, na nakiri vitamini ingesaidia, ila wali ule siubadilishi.

Kuna kitu kimoja ambacho hakijabadilika. Kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, saa saba kamili mchana, mzinga hupigwa kutoka ngome ya Edinburgh, na mgeni huruka. Ulianza kupigwa mwaka 1861, na sababu yake ni ukungu: tangu 1852 kulikuwa na mpira mkubwa juu ya mnara wa Nelson ulioangushwa saa hiyohiyo ili manahodha kule Leith warekebishe saa zao, lakini haar ikitanda hakuna aliyeuona. Wakaona bora kishindo. Nilipenda siku za ukungu ule kwa ajili ya kishindo hicho, ngome haionekani, jiwe lililoibeba halionekani, halafu juu angani kunatoka mlio. Binti alirekodi kwa simu, akatutumia. Umesikika kama mlango unaobamizwa.

Na harufu. Wenye umri wangu waliokaa pale hawatanisamehe nikiiacha. Upepo wa magharibi ulipovuma ulileta mvuke wa viwanda vya bia, kimea kinachochemka, mzito, mtamu wenye uchachu kwa mbali, na mtoto wa Machame aliyekulia nyuma ya mtungi wa mbege alifumba macho kwenye kituo cha basi akajikuta kwao, kimea cha ulezi kimeanikwa kwenye jamvi na kuku wanafukuzwa. Kwa harufu ile tulijua upepo unatoka wapi bila barometa. Kiwanda kikubwa cha Fountainbridge kilifungwa miaka ya elfu mbili, na hewa ya mji sasa ni safi zaidi. Binti hajui nazungumzia nini.

Kituo cha basi ndicho ninachokikumbuka zaidi. Basi la rangi ya damu ya mzee na nyeupe lilichelewa lilivyotaka, hapakuwa na kibao cha kukwambia limebakiza dakika ngapi, mvua inapiga kwa ubavu, na ndani ya kile kibanda Mskoti asiyekufahamu, ambaye siku ya jua angekupita bila kukutazama, alifungua mdomo. Ilianza daima na hali ya hewa. Leo upepo, eh. Jana ilikuwa nafuu. Kwenu kuna theluji? Na mimi nikapata nafasi ya kusema kwamba kwetu theluji tunaiona kila asubuhi, ila iko juu ya mlima, na sisi tuko chini kwenye migomba. Hawakuamini. Mazungumzo yakaendelea hadi ndani ya basi, na mara moja yaliishia jikoni kwa mtu, supu ya shayiri na mkate. Kwa njia hiyo nilijifunza Kiingereza chao, ambacho si kile cha darasani Moshi. Hali mbaya ya hewa ilikuwa ndiyo hodi yetu.

Binti halowi. Simu inamwambia mvua itaanza baada ya dakika kumi na mbili, basi anabaki maktaba, anamaliza ukurasa, inakatika, anatoka. Basi lake analiona kwenye ramani likija. Anafika kituoni nalo linafika. Tangu 2014 kuna tramu pia. Nilimuuliza miezi mitatu baada ya kufika kama amemfahamu jirani wa mlango wa pili. Akasema anafahamu baiskeli yake.

Lakini binti huyohuyo hulala akiwa amemsikia mama yake. Mimi nilikuwa na barua za ndege, zile za bluu za kukunja na kulamba gundi, wiki mbili au tatu njiani ikiwa posta zote mbili zimeamka vizuri. Mama aliuliza kama theluji imekwisha, barua ikanikuta mwezi Mei nimelala kwenye majani ya Meadows pamoja na nusu ya mji, Waskoti wamevua mashati kwa nyuzi 17, ngozi zimekuwa nyekundu, na mimi peke yangu nimevaa sweta la milia. Nikamjibu kwamba kuna jua. Jibu likafika naye ameshasikia Idhaa ya Kiswahili ya BBC inasema Uingereza kuna mafuriko. Hatukuwahi kuzungumzia hewa moja kwa wakati mmoja. Theluji ya kwanza ya binti tuliiona sote, yeye akiwa barabarani saa tatu asubuhi, mkono wake umenyooshwa, chembe zinatua kwenye mkono wa jaketi na hazipotei mara moja, na mama yake huku Machame anapiga kelele avae kofia. Katika hili sina cha kulilia.

Ilikuwa theluji ya siku chache. Watu wa kule wanakumbuka Desemba 2010, na mwisho wa Februari 2018 onyo jekundu la theluji lilipotolewa na mji ukasimama, lakini husimulia hayo kama mambo yaliyokuja yakapita. Joto nalo limeanza kuwa na habari zake: tarehe 19 Julai 2022, Charterhall, kusini-mashariki mwa Scotland, kipimo kilisoma nyuzi 34.8, ambazo hata Dar zingewatoa watu nje. Nasi tusiwacheke. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na lile jibu langu la kituo cha basi, kwamba kwetu theluji huonekana kila asubuhi, binti asingeweza kulisema bila kutia chumvi.

Tangu 2015 dhoruba zina majina. Enzi zetu ulikuwa upepo tu, mkali au mkali sana. Tarehe 24 Januari 2025 ilikuja iliyoitwa Éowyn, onyo jekundu, treni zikasimamishwa, shule zikafungwa, na jioni ya kuamkia siku hiyo simu za mamilioni ya watu zilipiga king'ora zenyewe. Ya binti ililia akiwa anakaanga vitunguu. Alitoka mbio koridoni akidhani ni moto, na mlango mmoja ukafunguka, na wa mwenye baiskeli ukafunguka, kila mmoja na simu yake inapiga kelele mkononi. Siku nzima iliyofuata walikaa jikoni wote, hakuna wa kutoka, mapipa ya taka yakipita barabarani yenyewe. Jirani alifahamika kwa jina, kwa kozi anayosoma, hata kwa sababu ya kuachana na mchumba. Binti aliwapikia ndizi za kukaanga. Aliponisimulia alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia alipokuwa akinitajia vipimo vya nyuzi joto.

Julai alirudi likizo. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kakonda kidogo, mkono mtupu bila jaketi, amelitia ndani ya sanduku kwa kuwa anakuja Afrika. Tulipofika Machame ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye kahawa, na ile baridi yetu ya Julai, ya nyumba ya matofali isiyo na hita hata moja, ikampata sawasawa. Alitetemeka. Alikaa na mikono kwapani, akauliza, "Shangazi, hivi nyinyi mnaishije bila hita?" Simu ilimwonyesha nyuzi 13 na kwamba kesho itakuwa hivyohivyo. Nikampa blanketi, nikamwambia aende jikoni kwa bibi yake, moto upo, na ajiandae kusimulia, maana bibi alikuwa ameanza kumuulizia kabla gari halijazima.